Mbwa Kizimbani

Mbwa maarufu zaidi kuwahi kufunzwa kukaa ndani ya kizimba alikuwa chokora. Aliokotwa mitaani Moscow: jike la kilo tano au sita hivi, umri wa miaka kama mitatu, damu imechanganyika kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuapa ni wa mbegu gani. Wanasayansi wa Kisovieti walipenda mbwa wa namna hiyo. Hesabu yao haikuwa ngumu: mbwa aliyeshinda baridi ya Moscow na njaa yake bila mwenyewe, huyo tayari amefanya nusu ya mtihani. Walipenda majike pia, kwa sababu jike halihitaji kuinua mguu likikojoa, na kule walikokuwa wakimpeleka hapakuwa na nafasi ya kuinua mguu.

Sisi tunamjua kama Laika. Kwa Kirusi ni kama kusema Mbwekaji.

Sehemu ya roketi kila mtu anaijua. Iliyonikaa kichwani ni ile ya kabla ya roketi, ambayo kwa kawaida hupewa sentensi moja halafu watu wanasonga. Laika na wenzake wawili, Albina na Mushka, waliwekwa kwenye vizimba. Kisha vizimba vidogo kuliko vile. Kisha vidogo zaidi, kwa vipindi vilivyofika hadi siku 20. Shabaha ilikuwa wazoee mahali ambapo mwili unaweza kusimama na kulala, basi. Na tatizo lililowasumbua madaktari halikuwa kubweka wala kuuma. Mbwa waligoma kujisaidia. Walibana mkojo, wakabana choo, wakakosa utulivu, afya ikaanza kushuka. Walipewa dawa za kuendesha tumbo. Wapi. Kilichofanya kazi ni mazoezi tu, marefu, ya kurudia na kurudia.

Nilipofika hapo niliweka simu chini kwanza. Maana hicho kilichowatoa jasho madaktari wa Moscow mwaka wa 1957 ndicho hasa nilichokuwa nakiombea usiku na mchana kwenye bedsita yangu Zimmerman.

Mbwa hapendi kuchafua mahali anapolala. Hajafunzwa na mtu. Anaanza nayo mapema. Akiwa mchanga kabisa mama yake humlamba na kusafisha kila kitu, na mara tu miguu inapomkubali kutembea, anajikokota kutoka kwenye kiota kwenda kukojoa pembeni. Mazoezi yote ya kizimba nyumbani yamesimama juu ya tabia hiyo moja. Unampa mbwa chumba kidogo kinachomtosha yeye tu, anakiona ni kitanda, anabana. Wewe unamtoa kabla hajashindwa, unampeleka panapofaa, anajifunza. Laika na wenzake walifungiwa ndani ya kitanda chao, wakasubiri mtu aje awatoe. Hakuna aliyekuja, kwa hiyo wakaendelea kubana.

Wangu anaitwa Njugu. Alizaliwa chini ya kibanda cha mama mboga karibu na steji, yeye na ndugu zake wanne, na mama mboga akatangaza kwamba wikendi ikiisha wakiwa bado pale atawapa mtu wa mkokoteni awapeleke popote. Nilimchukua akiwa na miezi miwili hivi. Nafanya kazi za kuandika za kuokoteza: maelezo ya bidhaa za watu, hotuba za harusi, insha kama hii ikipata wa kuichukua. Chuo niliacha mwaka wa pili, na tangu hapo keja ndiyo ofisi. Kwa hiyo niko ndani muda mwingi, ambayo kwa mbwa ni bahati.

Lakini keja ni ghorofa ya nne. Na kwenye kundi la WhatsApp la ploti, siku ya tatu baada ya Njugu kufika, ujumbe ulianguka kutoka kwa msimamizi: mbwa akisikika usiku, ama akionekana amechafua ngazi, mwenye mbwa ajue atahama na mbwa wake. Hakutaja nyumba. Hakuhitaji. Mbwa ni mmoja tu.

Basi nikaenda Kariobangi kutafuta kizimba, kwa sababu vile vya mtandaoni bei yake ni kodi ya mwezi na chenji. Fundi wa vyuma alisikiliza vipimo, akachora kwa chaki chini, akauliza, "Hii ni ya kuku ama ya sungura?"

"Ya mbwa."

"Mbwa ya kuuza?"

"Hapana. Atakuwa analala ndani. Kwa nyumba."

Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa atengeneze meli. "Mbwa analala kwa nyumba," akarudia, si kama swali. Alitengeneza lakini, na alitengeneza vizuri: wavu wa chuma, trei chini ya kuvuta, komeo la kuteleza.

Hata jina la kitu chenyewe lilileta shida. Kreti kwetu ni ya soda. Keji ni ya kuku wa mayai. Tundu ni la ndege. Nilipokuwa nikikipandisha ngazi, nikakutana na jirani wa ghorofa ya pili, Baba Brayo, aliyeuliza kile ni nini, nikajibu bila kufikiri: kizimba. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Na ameshtakiwa na kosa gani?"

Ni neno zuri kuliko nilivyojua. Kizimba ni banda dogo la kufungia mnyama, na kizimba ni pale mshtakiwa anaposimama mahakamani. Kiswahili hakikuona haja ya maneno mawili. Na ukifuatilia historia ya mbwa na watu katika nchi hii, utaona maana zote mbili zinagongana.

Tuanze na uani. Shosho yangu, Nyeri, amefuga mbwa maisha yake yote na wote wameitwa Simba. Simba akifa, anakuja Simba mwingine. Hakuna Simba hata mmoja aliyewahi kuvuka kizingiti cha nyumba. Mchana amefungwa kwenye kijibanda cha mbao na mabati nyuma ya ghala, usiku anaachiliwa. Mtu akimlisha mno, shosho anagomba: mbwa akishiba anabweka kwa sababu gani? Hiyo ndiyo kazi ya banda la mbwa kwa Wakenya wengi mpaka leo. Halimfunzi mbwa kitu kuhusu choo, maana uani kote ni choo. Linamfunza kuhusu watu. Mbwa aliyefungiwa gizani mchana kutwa, haoni wageni, haguswi, anatoka usiku akiwa na hasira za saa 12, na hizo hasira ndizo zinazohitajika. Ni mafunzo ya kizimba pia. Sema yamegeuzwa nje ndani.

Sitaki kumsema shosho vibaya, aliibiwa kuku mara nyingi. Ila nikitaka kujua ni lini hasa mbwa wetu aligeuka kuwa kengele yenye meno, haiwezekani nisipite kwenye mashamba ya walowezi.

Walowezi walikuja na mbwa wao kwa meli, wenye majina ya ukoo na vyeti. Mbwa waliowakuta hapa, wale wembamba wa rangi ya udongo waliowinda na kuchunga na watu kwa karne nyingi, wakawaita kwa neno waliloazima kutoka Pwani: shenzi. Mbwa shenzi. Neno hilo lilishatumika kwa watu wa bara kabla ya mbwa, kwa hiyo matusi yalikuwa ya wote wawili. Hadithi hii ina kichekesho chake pembeni. Miaka ya 1930, mbwa wa kuwinda kutoka Kongo walipelekwa Uingereza, wakazaliana, wakaonyeshwa kwenye mashindano ya Crufts, watu wakapanga foleni kuwaona. Jina la mbegu hiyo hadi leo ni Basenji, na hilo basenji ni ndugu wa damu wa washenzi wetu. London mbwa huyo ana cheti. Angebaki huku angeitwa jina lile lile, akafukuzwa kwa mawe.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na sababu zake za kumwangalia mbwa kwa jicho kali. Kisa cha kwanza kuthibitishwa cha kichaa cha mbwa Kenya ni cha mwaka wa 1912, mbwa mmoja viungani mwa Nairobi. Ugonjwa huo bado tunao, na bado ni wa kutisha: dalili zikishaanza, mtu karibu kila mara anakufa. Kwa hiyo kumfunga mbwa hakukuwa ukatili mtupu. Kulikuwa pia afya ya umma. Lakini chukua mabango. Kwenye mageti ya mitaa yenye miti mikubwa na ua wa michongoma, tangazo halikuwekwa kwa Kiingereza. Liliandikwa Mbwa Kali, kwa Kiswahili, lugha ya mtu ambaye bango lilimlenga: mpishi anayekuja kazini, mtu wa posta, mtu anayetafuta kibarua. Mabango yapo mpaka leo. Pita Lavington, pita Karen. Geti limebadilisha mwenyewe, bango limebaki na lugha yake.

Tarehe 12 Oktoba 1959, mfanyakazi wa nyumbani aitwaye Kamawe Musunge alikuwa akipita na baiskeli hapa Nairobi. Mbwa wawili wa Mzungu mmoja, Peter Poole, walimvamia. Akafanya ambacho mimi na wewe tungefanya, ambacho kila mtoto wa Kenya amefanya: akaokota mawe. Poole akatoka na bastola akampiga risasi akamuua.

Hapo kizimba kikapata maana yake ya pili. Poole alisimamishwa kizimbani mbele ya jopo la Wazungu watupu, na jopo hilo likamkuta na hatia ya mauaji. Rufaa zilianguka. Maombi ya msamaha yalipelekwa, yakakataliwa. Alinyongwa Nairobi tarehe 18 Agosti 1960, Mzungu wa kwanza kunyongwa Kenya kwa kumuua Mwafrika. Jiwe lililookotwa kwa ajili ya mbwa lilimpeleka huko. Nimesoma kuhusu kesi hii mara kadhaa na kila mara najikuta nawafikiria wale mbwa wawili, ambao hawakuwa wamefanya lolote zaidi ya walilofunzwa. Hakuna anayeandika walipelekwa wapi.

Kesho yake, tarehe 19 Agosti 1960, Wasovieti walirusha mbwa wengine wawili, Belka na Strelka, wakazunguka dunia siku nzima wakarudi wazima. Sidai kwamba tukio moja linahusiana na jingine. Ni kalenda tu. Lakini ukiwa na tabia kama yangu ya kusoma tarehe pembeni ya tarehe, unashtuka: ndani ya siku tatu, Nairobi inamzika mtu kwa kisa kilichoanza na mbwa, na mbwa wawili wa mitaani wanafunguliwa mlango wa kizimba cha bei ghali kuliko vyote duniani, wanatoka wakitikisa mikia. Strelka baadaye alizaa watoto sita. Mmoja, Pushinka, alipelekwa Ikulu ya Marekani mwaka wa 1961, zawadi kwa binti wa Kennedy.

Sasa, kizimba cha sebuleni kilitoka wapi? Kwa sababu si Wasovieti walioleta, na si shosho.

Kilianza kama kitu cha safari. Sanduku la kumpandisha mbwa kwenye treni, kwenye meli, kumpeleka mashindanoni na kumrudisha. Mpaka leo kanuni za kusafirisha wanyama kwa ndege zinasema sanduku liwe la kumwezesha mnyama kusimama, kugeuka, na kulala kwa starehe. Sasa fungua ushauri wowote wa kununua kizimba cha nyumbani. Vipimo ni vile vile: asimame, ageuke, alale. Yaani kipimo cha abiria kimekuwa kipimo cha chumba cha kulala. Sanduku la safari likawekwa pembeni mwa kochi, na safari ikasahaulika.

Lilihamia ndani ya nyumba Marekani, katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita, na ukitazama maisha ya huko wakati huo huhitaji kuuliza sana kwa nini. Baba kazini, mama kazini, watoto shuleni, zulia la ukuta hadi ukuta, na mbwa ndani peke yake kuanzia asubuhi mpaka jioni. Uani hakuna mtu. Kitu kilihitajika cha kumshikilia mbwa mpaka watu warudi.

Ila hakuna anayependa kujiambia hivyo, kwa hiyo ikaja hadithi ya pango. Utaisikia kila mahali: mbwa ametokana na mbwa mwitu, mbwa mwitu hulala pangoni, kwa hivyo mbwa kwa asili anapenda pango, na kizimba ni pango lake. Inapendeza. Tatizo ni kwamba mbwa mwitu hawaishi pangoni. Jike hutumia pango kuzalia, na watoto wakifika wiki nane, kumi hivi, familia inahama, pango linaachwa. Wakubwa wanalala nje, kwenye nyasi, kwenye theluji, popote. Na pango halina komeo. Hilo ndilo ninalolishikilia mimi. Unaweza kubishana siku nzima kama mbwa anapenda mahali padogo penye kivuli (wengi wanapenda, Njugu alikuwa akijisukuma chini ya kitanda kabla sijanunua chochote), lakini hakuna pango duniani lililofungwa kutoka nje.

Nchi nyingine zimelitazama hilo komeo zikaamua. Uswidi na Ufini haziruhusu mbwa kufungiwa kizimbani nyumbani kama utaratibu wa kila siku. Kizimba ni cha safari, cha maonyesho, cha mgonjwa, cha muda. Uswidi inaongeza kwamba mchana mbwa atolewe nje angalau kila saa sita. Ukivuka kwenda Marekani, kitu kile kile kinachokatazwa Stockholm kinapendekezwa na daktari wa mifugo kama malezi bora. Mbwa ni wale wale, wanabana mkojo kwa namna moja pande zote mbili za bahari. Kinachobadilika ni saa ambazo mwenye mbwa yuko kazini, na nani anatarajiwa kubeba gharama ya saa hizo.

Hapa kwetu sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama tunayo, Sura ya 360, lakini sijawahi kusikia mtu akizungumzia kizimba cha fleti. Hatujafika huko. Fleti zenyewe ndizo zimefika. Zimmerman, Roysambu, Kahawa, Pipeline, ghorofa saba bila uani, na vijana ndani yake wanaotaka mbwa kwa sababu zile zile watu wametaka mbwa tangu zamani, ukiondoa wizi wa kuku. Mbwa wa kwetu amekaa nje ya mlango miaka yote hii. Sasa nje ya mlango ni korido ya jirani.

Nilivyomfunza Njugu si siri na si uvumbuzi. Wiki ya kwanza mlango wa kizimba sikuufunga hata mara moja. Nilifungua, nikaweka blanketi kuukuu, nikaanza kumpa chakula humo: ugali na omena, wakati mwingine matumbo. Bakuli mlangoni kwanza, kesho ndani kidogo, keshokutwa nyuma kabisa. Akiingia mwenyewe namsifu kama mjinga. Wiki ya pili nafunga anapokula, nafungua kabla hajamaliza. Kisha nafunga akimaliza, nahesabu mpaka kumi, nafungua. Kisha dakika. Kisha dakika tano nikiwa nimekaa hapo naandika. Kisha natoka nje ya mlango wa nyumba narudi. Kama ameanza kulia nangoja anyamaze hata sekunde tatu, ndipo nafungua, asije akajifunza kwamba kelele ni ufunguo. Lakini nangoja nikiwa naye. Kumwacha alie mpaka akate tamaa, kuna watu wanauita utulivu. Mimi siuiti hivyo.

Na sikumfungia kama adhabu. Hapo niko mkali hata kwa wageni. Mtoto wa rafiki yangu alimwambia Njugu, "Ingia jela!" akicheka, nikamwambia hapa hakuna jela, ni kitanda, mwite atoke.

Kuhusu saa, wafugaji wana kipimo chao cha kukisia: umri wa mbwa kwa miezi, ongeza moja, hizo ndizo saa anazoweza kubana, na usiutumie mpaka mwisho wake. Miezi mitatu, saa nne kwa nadharia, tatu kwa ukweli. Usiku nilikuwa naweka kengele ya simu saa saba na saa kumi. Tunashuka ngazi kiguu na njia, ghorofa nne, mimi na sweta, yeye mikononi, mpaka kwenye kipande cha nyasi kando ya mtaro. Mlinzi wa usiku alianza kunisalimia, "Daktari wa mbwa, habari ya zamu?" Ngazi hazikuchafuliwa. Kundi la ploti likarudi kwenye mambo yake ya maji na taka.

Usiku ule niliosoma kuhusu wale watatu wa Moscow, nilifungua komeo nikaliacha wazi mpaka asubuhi. Njugu hakutoka. Alifungua jicho moja, akalifunga. Sijui nilitarajia nini. Nilichokiona ni kwamba hatua nilizozifuata mimi, kidogo kidogo, muda mrefu zaidi, mlango mara wazi mara umefungwa, zinafanana na zao kuliko nilivyopenda. Mbwa anajengwa imani kwamba sanduku ni salama kwa sababu kila mara linafunguliwa. Laika aliamini hivyo pia. Alikuwa mtulivu, walisema, na utulivu huo ndio uliomchagua. Aliwekwa ndani ya chombo siku tatu kabla ya safari. Hapakuwa na nafasi ya kugeuka. Tarehe 3 Novemba 1957, roketi ikapaa. Mapigo ya moyo wake yalipanda kutoka 103 kwa dakika hadi 240. Chombo hakikuwa na mpango wowote wa kurudi. Kiliharakishwa kwa wiki chache kwa sababu Khrushchev alitaka kitu cha kuonyesha kwenye miaka 40 ya mapinduzi. Dunia iliambiwa mbwa aliishi siku kadhaa. Ukweli ulitoka mwaka wa 2002: alikufa kwa joto saa chache tu baada ya kuruka. Sanduku liliendelea kuzunguka na mwili wake mpaka Aprili 1958, likaungua likirudi angani mwetu. Mmoja wa wanasayansi waliomfunza, Oleg Gazenko, alikuja kusema uzeeni kwamba anajuta, kwamba walichojifunza hakikutosha kuhalalisha kifo chake.

Kabla hawajamfunga, daktari Vladimir Yazdovsky alimpeleka nyumbani kwake acheze na watoto. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko moto. Alijua nyumba ni nini.

Mwezi uliopita nilipata kazi ya kweli, siku tatu kwa wiki, ofisini Westlands. Kutoka saa mbili asubuhi, kurudi saa kumi na moja na ushee, matatu ikiwa na huruma. Njugu ana miezi mitano. Saa tisa na zaidi. Nilipiga hesabu kila upande na kizimba hakina jibu la saa tisa. Mtu yeyote atakayekwambia kinalo, muulize yeye alienda haja mara ngapi leo. Kukataa kazi sikuweza, kodi haingoji. Kumrudisha mbwa kibandani kwa mama mboga, hapana.

Jirani wa mlango unaofuata ni Bi Zuhura, mtu wa Lamu, mjane, anashona. Nilimwendea kwa woga kidogo, kwa sababu najua kwa watu wa Pwani wa madhehebu yake mate ya mbwa ni najisi, na mwenzio huwezi kumbebesha kazi ya kujitoharisha kwa ajili ya mnyama wako. Nikamwamkia, nikaeleza.

"Simgusi, mwanangu," akasema. "Nguo zangu ni za kuswalia."

"Naelewa, Bi Zuhura. Pole kwa usumbufu."

"Sijamaliza. Nimesema simgusi. Sijasema simfungulii." Halafu akanisimulia mbwa wa watu wa pangoni, As-habul Kahf, wale vijana waliolala miaka mia tatu na zaidi wakilindwa na Mungu, na mbwa wao amelala na miguu ameinyoosha pale pale mlangoni. Ametajwa ndani ya Kurani yenyewe. "Hakuingia, hakuondoka," akasema. "Basi na huyu wako mtafutie njia."

Nikarudi Kariobangi. Fundi yule yule, safari hii bila maswali, alichomelea pete kwenye komeo na kupitisha kamba ya katani mpaka kwenye dirisha la korido. Saa sita na nusu, kabla ya adhuhuri, Bi Zuhura anasimama nje anavuta kamba, komeo linateleza. Brayo, ambaye shule yao inatoka mapema kwa chakula cha mchana, anaingia na ufunguo wake, anamshusha nyasini, anamrudisha ndani, na kizimba kinabaki wazi mpaka nifike. Namlipa Brayo hamsini kwa siku. Bi Zuhura hataki pesa, ameniomba nimwandikie tangazo la ushonaji. Kamba na pete, fundi alinitoza mia mbili.